Msalimu Mbarouk

Bi Nadra, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema yeye mwenyewe alikuwepo. Anasema alikwenda kumtazama Bi Maha, aliye edani tangu kufiwa na mumewe, akampelekea uji wa pilipili manga kwenye bakuli lenye mfuniko. Wakakaa. Simu ya Bi Maha ikalia, na kwa kuwa alikuwa katikati ya kuvuta uradi, akamwonesha Bi Nadra kwa kidole ampokelee. Bi Nadra akaifungua sauti wasikie wote wawili. Ikatoka sauti ya Bi Tamima, shangazi yangu, pamoja na kile kikohozi kidogo anachokohoa kila akitaka kuamkia.

"Assalaam alaykum, Bi Maha. Ni mie Tamima. Hujambo, mwanangu? Mbarouk hajambo?"

Mbarouk ndiye huyo mume. Alikuwa kaburini, hajatimiza miezi miwili.

Bi Nadra anasema Bi Maha alibaki ameikodolea macho simu, na ile sauti ikangoja kidogo, kisha ikaendelea kwa bashasha kwamba nyumba ya Zahran inamsalimu, Alhamisi kuna kupamba bibi harusi, asikose. Ikamalizia kwa mzaha: "Na Mbarouk muombe ruhusa mapema, asije akakuficha viatu tena. Msalimu sana." Hapo, anasema Bi Nadra, tasbihi ilimtoka Bi Maha mkononi, bakuli likapinduka, na uji ukatiririka mpaka kizingitini.

Bi Nadra habari haimtoki mdomoni bila ya kuitia chumvi. Paka akianguka kutoka kwenye bati, yeye atasema kaona mwizi ana ndevu. Kwa hiyo la bakuli sijui. Lakini maneno ya viatu hakuweza kuyatunga, maana hayakuwa yakijulikana na watu. Aliyekuwa akiyajua ni Bi Maha na marehemu mumewe, na shangazi, na mimi.

Niseme kwanza shangazi kazi yake ni ipi. Yeye ni mwalikaji. Kwetu mjini mtu akipelekewa kadi tupu ya harusi husema hakualikwa, na haji, na hununa. Lazima atoke mtu kwa niaba ya mwenye shughuli, apande ngazi, avue viatu, akae kitako, aulize hali ya waliomo nyumbani mmoja baada ya mmoja, ndipo atoe salamu alizotumwa. Shangazi kaifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Mimi nimelelewa naye, na skuli yangu ilipoishia msingi nikawa nafuatana naye, nabeba mkoba wake, nakaa karibu na mlango, nasikiliza.

Kwa kila nyumba alikuwa na mzaha wake, wa nyumba hiyo peke yake. Kwa Bi Maha ulikuwa ni huu wa viatu. Mbarouk alikuwa hapendi kubaki peke yake usiku, basi mwaka mmoja siku ya harusi alikichukua kiatu kimoja cha mkewe akakizika ndani ya gunia la mchele. Bi Maha alimhadithia shangazi huku amejifunika uso kwa upande wa kanga kwa haya. Tangu siku hiyo shangazi akifika pale huanza kwa kuuliza viatu vi wapi, na Bi Maha hucheka hata hajasikia harusi ni ya nani.

Magoti ndiyo yaliyoleta haya mengine. Yalianza kuvimba baada ya Ramadhani, na nyumba za mji huu ni ngazi juu ya ngazi. Shangazi alikuwa akipanda kwa kushika ukuta, akifika juu anacheka asionekane anatweta. Mimi nyuma yake namwona visigino vinavyotetemeka. Ndipo Junaid, kijana wa Mpendae mwenye studio ya kupiga video na kutengeneza kadi, aliponambia kwamba ipo njia. Hii akili mnemba inayosemwa redioni, alisema, ikisikilizishwa sauti ya mtu kwa muda huweza kusema kama yeye. Itapiga simu yenyewe, itaamkia, ikiulizwa itajibu. Shangazi atakaa kitako na mji mzima utaalikwa.

Nilimwambia shangazi kwamba tutaitia sauti yake kwenye simu ili watu waisikie. Yeye alifahamu ni kama kaseti. Siku Junaid alipokuja na vyombo vyake, shangazi alivaa kanga mpya ingawa sauti haionekani, akamwekea mgeni kahawa na kashata, akazungumza mpaka Magharibi. Alipokwenda kusali, Junaid akanigeukia mimi. Akataka kujua nyumba zenyewe, nani wa kuulizwa hali katika kila nyumba, na mzaha gani utiwe wapi ili watu wasione kama wanazungumza na kitu. Nikamtajia. Nilitaja moja baada ya moja, na yeye anaandika kwenye kompyuta yake, mara anacheka, mara anasema hebu rejea hapo. Sijapata kusikilizwa vile. Na la viatu nikalitoa.

Wakati huo Mbarouk mzima, anapita kwetu kila jioni na mkate wake kwapani.

Akafa ghafla. Sisi tulikwenda msibani asubuhi ile ile. Shangazi ndiye aliyemkalisha Bi Maha eda, akamkosha nywele, akamvisha. Mimi nilikuwa uani nakuna nazi na wenzangu. Nililia, nikapika, nikagawa chai, na siku zote zile haikunijia hata mara moja kwamba kule kwenye mashine Mbarouk bado yu hai na anaulizwa hali.

Harusi ya kwa Zahran ilipokaribia, simu zikaanza kwenda. Mji ulifurahi. Mwanamke wa Mtoni na mwenziwe wa Mbweni waligundua kwamba Bi Tamima aliwapigia wakati mmoja, na kila mmoja alizungumza naye kwa raha zake. Wengine wakasema bibi yule ana majini. Shangazi mwenyewe alicheka, akasema basi hao majini wangemkanda na magoti. Mimi nilikuwa nimefurahi kuliko wote. Kisha ndipo akaja Bi Nadra na habari ya bakuli la uji.

Alitukuta ukumbini. Shangazi alikuwa amenyoosha miguu juu ya mkeka, nampaka mafuta ya karafuu. Bi Nadra aliamkia, akahadithia yote akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Alipomaliza akasema, "Sasa mie nakuuliza kwa wema, Bi Tamima. Alikuwa ni wewe?"

Nilifungua mdomo. Shangazi akaniwekea mkono begani, akanikandamiza.

"Ni mie," alisema. "Nilighafilika."

"Ukaghafilika na mtu uliyemkalisha eda kwa mikono yako?"

"Utu uzima, Nadra. Nawe unakuja huko."

Bi Nadra alimtazama kwa huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama angemsuta. Akaaga. Nilimsikia anavyoshuka ngazi haraka, kama mtu aliyebeba kitu cha moto.

Shangazi hakunipigia kelele. Aliniambia niichukue simu yangu nimpigie Junaid, huyo mtu aliyemo mle kwenye mashine ampigie na yeye, amsikie. Nilitoka mpaka kwenye ngazi kuzungumza na Junaid ili shangazi asione uso wangu. Niliporudi simu yake ilikuwa inalia juu ya mkeka.

"Assalaam alaykum. Ni mie Tamima. Hujambo, mwanangu?"

Shangazi aliitikia, maana salamu haiachwi. Kisha akauliza, "Tamima gani?"

"Tamima binti Hasan, wa Mkunazini. Kwani ushanisahau?" Sauti ikacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Sijakusahau. Nambie."

Ikamwambia habari ya nyumba ya Zahran na kupamba kwa Alhamisi, kwa ule mpangilio wake mwenyewe, salamu kwanza, shughuli baadaye. Kisha ikauliza bwana hajambo.

"Mume wangu kafa," shangazi alisema.

Sauti ikateremka, ikawa ya majonzi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu, na wewe akupe subira. Basi Alhamisi tutakutazamia. Njoo mapema upate pa kukaa."

Shangazi akaizima. Akaitia chini ya mto.

"Pole imeitoa vizuri," alisema. "Lakini mie hapo ningelia naye. Harusi ningekuja kuikumbuka nshafika nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini amejitia kosa lisilo lake. Nilitaka anijibu kwa ukali, ningepumua. Yeye alikuwa anajifunga kilemba chake pole pole.

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mtoto niliyemlea kayachukua maneno ya ndani ya nyumba za watu kampelekea kijana wa Mpendae? Mzee akisahau watu humsamehe, Tabia. Wewe hujaolewa. Watakutaja kwa hili mpaka uzeeke."

"Lakini kosa langu, shangazi."

"Nshasema ni langu. Usije ukanifanya mwongo mbele ya Nadra."

Hivyo ndivyo alivyonisitiri. Na kwa kunisitiri mimi alijivua nguo yeye, kwa sababu mwalikaji mtaji wake ni kukumbuka. Kila mtu mjini anajua hilo. Mwalikaji aliyesahau nani kafa ni sawa na mpishi anayetia chumvi mara mbili. Jua halijatua, habari ilikuwa imeshafika mpaka kwa Zahran kwamba Bi Tamima akili zimemtoka. Asubuhi mama wa bibi harusi akaleta doti ya kanga na ujumbe mzuri sana, kwamba wanamshukuru kwa yote na wanamuombea apumzike. Shangazi alizipokea kwa mikono miwili. Alizikunja akazitia sandukuni bila ya kusoma zimeandikwa nini.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitoka, yeye alikuwa akijidai magoti yanamzuia. Nilipokwenda kununua mboga, msichana mmoja aliyekuwa akichagua mchicha aliniambia mbele ya watu, "Tabia, shangazi yako akinipigia mwambie babu yangu naye hajambo huko aliko." Wakacheka. Muuzaji mwenyewe akageuza uso asicheke. Na bibi mmoja mtu mzima, anayemheshimu shangazi, akasema kwa upole kwamba tumchunge asije akatoka peke yake akapotea njia. Kumpinga nilishindwa. Ningempinga ningelazimika kusema. Nikalipa, nikaondoka na nusu ya vitu nilivyotumwa.

Siku hiyo hiyo nikaenda Mpendae. Sikwenda kugombana na Junaid. Alinikaribisha kiti, akazima feni iliyokuwa ikipeperusha kadi, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliona haya kweli, masikio yalimwiva. Alisema mashine haijui isiloambiwa, na hakuna aliyeiambia kwamba Mbarouk kafa, wala yeye hakuuliza.

"Nshamtoa," alisema. "Hataulizwa tena."

Nikamwambia amtoe na shangazi pia. Hapo akakuna kichwa. Sauti aliipeleka kwa kampuni yenye mashine, si yake, na hajui kule inafutwa vipi. Tena zipo harusi nyengine tatu zilizokwisha kuiomba, watu wameipenda, wanasema sauti ya Bi Tamima ina baraka. Nikamuuliza watu hao hao si ndio wanaosema Bi Tamima karukwa na akili? Akasema ndiyo, hao hao. Hawaoni kama ni kitu kimoja: sauti ya studio wanaiona kaseti tu, na simu ya Bi Maha wanasema kaipiga mwenyewe.

Kisha akasema jambo jengine. Alisema amefikiri, kazi hii inataka mtu. Mtu wa kupita mitaani na kusikiliza, nani kafa, nani kaachwa, nani kajifungua, nani kagombana na nani, na kila asubuhi kuiambia mashine kabla haijapiga simu. Mtu mwenye subira. Mshahara wa mwezi, si wa kubahatisha. Akanitazama.

Na mimi moyo uliruka. Siwezi kusema uongo hapa. Tangu niache skuli hakuna mtu aliyepata kuniambia ipo kazi inayonifaa mimi. Nilijiona nimekaa kwenye kiti kile, feni inazunguka, natoa habari na mtu anaziandika. Nilifurahi mpaka nikatabasamu mbele yake, na ndipo nilipomkumbuka shangazi amekaa sakafuni nyumbani anajidai magoti. Kazi aliyokuwa akinipa Junaid ilikuwa ni ile ile yake, imekatwa vipande viwili. Sauti imekwenda kwa kampuni na masikio yanakuja kwangu, yeye kabakia na doti ya kanga. Nikamwambia Junaid hapana. Lakini nilikuwa nimeshatabasamu, na alikwisha kuniona.

Shangazi sikumhadithia hilo. Yeye alikuwa na lake. Alisema ataweza kuishi bila ya kualika, ameshaalika vya kutosha, ila hawezi kukaa na Maha amekasirika naye pale uchochoro wa pili. Atakwenda kumuomba radhi. Alinipa na maneno, ili tusije tukapishana: mzee kasahau, mzee kaja kuomba radhi, basi.

Tulikwenda baada ya Alasiri. Bi Maha anakaa ghorofa ya juu ya nyumba yenye wapangaji wengi, na ngazi zake ni zile za zamani za mbao, nyembamba na za kusimama wima. Shangazi alipanda kwa makalio, amenipa mgongo mimi niliyetangulia juu, anajivuta ngazi moja baada ya nyengine kama mtoto. Hakutaka nimshike. Mpangaji wa chini alikuwa anafua kwenye beseni; alituamkia, kisha akaendelea kufua huku anatutazama.

Mlango wa juu ulikuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na redio inasoma Kurani. Kwamba Bi Maha yumo, hilo halikuwa na shaka. Mwenye eda aende wapi?

"Hodi," alisema shangazi.

Redio ikapunguzwa. Nilisikia nyayo zinakuja, zinakuja, zikasimama nyuma ya mlango.

Shangazi akakohoa kidogo. "Hodi, mwanangu. Ni mie Tamima."

Nikayatambua maneno hayo. Yalikuwa yale yale, na kikohozi kile kile. Hata yeye aliyasikia. Alinigeukia, uso wake umebadilika, akanambia kwa chini, "Bisha wewe. Sauti yangu hii hawezi kuistahimili."

Nikabisha mimi. Nikasema ni Tabia, nimekuja na shangazi, mzee kaja kuomba radhi kwa kusahau. Nilifika hapo kama nilivyofundishwa. Mlango haukutikisika. Nikamtazama shangazi, amekaa kwenye ngazi ya mwisho na magoti yake yamesimama mbele yake, anangoja, kichwa amekiinamisha kama mtu anayengojea kuambiwa kwamba kweli yeye ni mpungufu wa akili. Nikashindwa.

"Bi Maha," nilisema, na nikapandisha sauti ili ipite ubao, "shangazi hakusahau. Wala hakukupigia simu. Ni mashine, ina sauti yake, na aliyempa mwenye mashine maneno ni mimi. Jina la marehemu nimelitaja mimi. La viatu nimelitoa mimi. Yeye hakujua kama lile lidude linajibu watu."

Shangazi alinikamata kifundo cha mguu akakibana mpaka kucha zikaingia. "Nyamaza," alisema. "Tabia. Nyamaza."

"Nilikuwepo msibani kwako, Bi Maha, nikakuna nazi, na sikukumbuka kwenda kumtoa."

Chini kule kufua kulikuwa kumesimama. Mlango mmoja wa pembeni ulifunguliwa kidogo, na nikaona ncha ya kanga. Basi, nilijua, kabla ya Magharibi yatakuwa yamefika kwa Bi Nadra, na safari hii kwa jina langu. Shangazi aliniachia mguu. Aliuegemeza uso wake ukutani, akajifunika upande mmoja kwa kanga, na sikuweza kujua kama ni hasira au analia.

Redio ndani ilizimwa kabisa.

"Mimi usinisamehe leo kama moyo wako hautaki," nilisema. "Lakini mfungulie yeye. Amepanda ngazi zote hizi kwa ajili yako. Tafadhali, Bi Maha, mfungulie shangazi aingie akae."

Chini ya mlango, pale ubao usipofika sakafuni, niliona kivuli cha miguu miwili. Hakikuja mbele, wala hakikurudi nyuma.